Wimbo wa Kusukia Transfoma

Kiwanda ni neno kubwa kwa mahali pale, lakini ndilo lililopakwa rangi juu ya mlango, na marehemu aliyelipaka alilichagua kwa makusudi. Ni nyumba ya Ngagara, mtaa wa Bujumbura, kama nyumba nyingine za Ngagara, iliyojengwa enzi za wakoloni kwa ajili ya karani fulani na familia yake: sebule, vyumba viwili, na jiko la nyuma lenye paa lake peke yake. Sebuleni zimekaa mashine mbili za kusukia. Chumba cha kwanza kina meza ya kupimia. Cha pili ni depo, yaani ghala la waya. Jikoni, pale ambapo mke wa karani alichemsha maharage, transfoma huchovywa kwenye vanishi na kukaushwa juu ya moto mdogo, na harufu yake hufika hadi barabarani. Majirani wameizoea. Wapita njia huuliza kama kuna anayepaka rangi kitanda.

Kinachotengenezwa pale ni kitu kimoja tu. Ukifungua amplifaya ya kanisa, redio ya zamani au chaja ya betri, utakuta ndani yake kipande kizito cha chuma kilichovalishwa waya wa shaba. Hiyo ndiyo transfoma. Kazi yake ni kuupokea umeme mkali wa ukutani na kuutoa ukiwa mpole, kwa kiasi ambacho vifaa vingine vinaweza kuvumilia. Upole huo unategemea waya umezungushwa mara ngapi. Mizunguko ikipungua, amplifaya inanong'ona. Ikizidi, inatoa moshi, na kwa kawaida huchagua katikati ya mahubiri.

Nilifika pale baada ya gazeti nililokuwa nikiliandikia kufunga milango. Naishi Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, nikawa nashuka kwa miguu kila asubuhi, maana siku hizi petroli ikikosekana basi nalo halionekani. Kazi yangu ilikuwa kutunza depo, kujibu simu za wateja, na kupachika vile vyuma vyembamba vyenye umbo la E katika transfoma iliyokwisha kusukwa. Ni kazi ya vidole. Masikio hubaki huru, na mimi masikio yangu hayajawahi kukaa bure.

Tulikuwa wanne. Mwenye kiwanda alikuwa mama wa makamo, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman ambao wako Bujumbura tangu enzi za mababu. Yeye ndiye aliyepima kila transfoma kabla haijatoka, na sote tulimwita Mama. Kwenye mashine ya dirishani alikaa mwanamke wa Uvira, kiongozi wa kwaya kanisani kwake, aliyemzidi Mama umri. Huyo tulimwita Yaya, hata Mama alimwita hivyo, kama Wakongomani wanavyomwita dada mkubwa. Kwenye mashine ya pili alikaa mwanamke wa mtaa wa Buyenzi, aliyekuja kazini na ushungi uliopigwa pasi na ulimi usiopumzika. Wa nne ni mimi.

Tatizo letu lilikuwa waya. Waya wa shaba hutoka nje, nje wanataka dola, na dola Bujumbura zimekuwa kitu cha kusikia kwa watu. Mimi niliyekaa na ufunguo wa depo niliona rafu zikibaki mbao tupu, moja baada ya nyingine. Kaka zake Mama nao waliona. Walikuwa na maduka mjini na walihitaji mahali pa kuweka saruji, na walisema waziwazi kwamba waya ukiisha, nyumba ile itakuwa stoo. Mmoja wao alikuja na futi, akapima sebule huku wanawake wakiendelea kufanya kazi, akawaomba radhi kila alipowapita. Alipoondoka tu, Mama alichukua kitambaa akafuta mashine zote mbili, ingawa zilikuwa safi.

Ndipo ikaja habari ya Kigoma. Kampuni moja ya huko, inayounganisha amplifaya za makanisa na misikiti, ilitafuta mtengenezaji wa transfoma wa karibu. Wangeleta waya wenyewe. Kazi ya kiwanda ingekuwa kusuka tu. Kwa Mama hilo lilikuwa sawa na kuambiwa utapikiwa, wewe kula. Walisema watamtuma injinia wao aje kuona. Lakini kwanza walitaka ukurasa mmoja wa historia ya kiwanda.

Mama akaniita kwenye meza ya kupimia.

"We uliandika gazeti. Tuandikie historia. Usitie chumvi, lakini usitie na majivu."

Nikaanza kuuliza maswali, kwa utaratibu niliofundishwa kazini: nani, wapi, kwa nini, na aliyeona kwa macho yake ni nani.

Mwanzilishi alikuwa baba yake Mama. Alikuwa na duka la redio mjini, katika mtaa wa maduka ya Waasia, na redio alizouza zilirudi. Zilirudi zikiwa kimya. Umeme wa zamani ulikuwa na tabia ya kupanda ghafla, na kila alipofungua redio iliyokufa alikuta kitu kilekile kimeungua. Kuipata transfoma nyingine kulichukua muda ambao mteja hakuwa nao. Basi akakaa nyuma ya kaunta, akaifumua moja iliyoungua, tabaka kwa tabaka, akihesabu kwa sauti, kisha akaisuka upya kwa waya mpya. Ya kwanza ilitoa moshi. Ya pili ilipiga rumba jioni nzima, na watu wakasimama mlangoni kusikiliza.

Alipoamua kuwaachia wanawe duka na kuhamia Ngagara kusuka transfoma mpya, jamaa waliitana kikao. Mama alikuwa msichana, aliketi pembeni akisikia. Mjomba mmoja alisema kitambaa mtu anakinunua kwa sababu anakiona, sukari kwa sababu anaionja. "Sasa nani atanunua kitu kilichofichwa ndani ya kitu?" Baba yake alihama vilevile.

Haya yote niliyaandika. Kisha nikafika kwenye suala la kuhesabu, na hapo historia ikaanza kuchekesha.

Mzee, ndivyo walivyomwita baba yake Mama, alikuwa na kihesabio alichokitoa kwenye kinasa sauti cha zamani, vile vinamba vinavyogeuka kanda ikitembea. Alikifunga kwenye mkono wa mashine kwa mkanda wa mpira. Mpira ukalegea, vinamba vikakwama, kikatupwa. Baada ya hapo wasukaji walihesabu kwa mdomo, na kuhesabu kwa mdomo Bujumbura ni kazi ya kujitakia shida. Mtu akiingia lazima asalimie. Amahoro. Amahoro. Habari ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ya yule aliyekuwa mgonjwa. Huwezi kumnyamazia mtu kwa sababu uko kwenye mzunguko fulani. Ukimjibu, namba imekimbia, na transfoma inafumuliwa.

Yaya, ambaye wakati huo alikuwa amefika kutoka Uvira na kuajiriwa karibuni, aliifanya hesabu kuwa wimbo. Pigo moja la sauti, mzunguko mmoja wa mkono. Ubeti una mapigo yake, na kila aina ya transfoma ina idadi yake ya beti na neno lake la kuishia. Mzee alikuja juu: "Hapa si kanisa!" Yaya alimpa transfoma akaipima. Akaipima tena. Akarudi kukaa.

"Na maneno?" nilimwuliza Yaya. "Mliimba maneno gani?"

Yaya alitazama mlango wa Mama kwanza. "Mi nilianza na zaburi. Lakini zaburi ni muzito, mukono inachoka. Tukatia mambo ya hapa."

Mambo ya hapa yalikuwa Mzee mwenyewe. Alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa sukari ya chai ya kazini, ambayo aliifungia kwenye droo. Ubeti wa kwanza, unaoimbwa hadi leo, unasema:

Muzee ameficha sukari,
ufunguo iko mu mufuko,
chai yetu iko chungu,
redio yake iko tamu.

Siku aliyousikia vizuri aliingia depo, akafunga mlango, na Yaya alimsikia akicheka peke yake. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa siku zote. Sukari haikutoka kwenye droo, na wimbo haukukatazwa. Aliweka sharti moja tu: usiimbwe mbele ya mtu wa nje. Kwa hiyo hata sasa mgeni akibisha, mashine husimama mwisho wa mstari, salamu hutolewa zote, na mgeni akiondoka wimbo huendelea kuanzia mstari unaofuata. Niliuliza kama hawawezi kuvuma tu bila maneno. Hawawezi. Maneno ndiyo yanayoshika mzunguko. Wakivuma wanapotea kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Niliandika yote hayo, nikaona nina ukurasa mzuri. Mama aliusoma kwa kidole, akafika kwenye wimbo, kidole kikasimama.

"Hii toa."

"Mama, hiyo ndiyo historia yenyewe."

"Mutu wa Kigoma atasoma ataona tunacheza. Andika: kiwanda kina mfumo wake wa kuhesabu."

Nikaandika hivyo. Hakukuwa na uongo ndani yake.

Injinia alikuja asubuhi yenye jua, juu ya baiskeli ya kukodi, kwa kuwa teksi zote zilikuwa kwenye foleni ya petroli. Alishuka mguu mmoja wa suruali ukiwa umekunjwa ili usishikwe na mnyororo, na akasahau kuukunjua, kwa hiyo siku nzima tulimheshimu mtu mwenye mguu mmoja wazi. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kwao kilichonyooka. Alimpa Yaya shikamoo. Yaya, ambaye shikamoo huisikia mara chache, alijiweka sawa kwenye kiti kabla ya kuitikia.

Akatoa ukurasa wangu mfukoni. Alikuwa ameupenda, alisema, hasa yule mjomba wa kikaoni. Kisha akaukunja.

"Ila nimekuja hasa kuuona huu mfumo wenu wa kuhesabu."

Wanawake wote watatu walinitazama mimi.

"Atauona," Mama alisema, bila kueleza atauona wapi.

Injinia alitoa mita yake na taa yake ya majaribio. Alitaka transfoma mbili, zisukwe mbele ya macho yake. Sehemu ya kwanza, ile ndefu ya waya mwembamba, ilikuwa imesukwa jana yake na kupimwa. Ilibaki sehemu ya pili, fupi, ya waya mnene. Ubeti mmoja na robo tatu kwa hesabu ya Yaya. Mama alikuwa amekwisha kutoa amri: leo mnahesabu kwa mdomo, kimyakimya, kama watu wa ofisi.

Yaya akaanza. Midomo yake ilicheza bila sauti. Injinia, kama mtu aliyelelewa vizuri, aliona haya kumkalia kimya mtu mzima aliye kazini bila kumtia moyo.

"Pole na kazi, mama."

"Asante, baba," Yaya akasema, na mkono ukasimama. Akafumua. Akaanza tena.

"Waya huu mwaka huu umekuwa mgumu kupatikana, eti?"

"Mugumu sana, baba." Akafumua.

Kwenye mashine ya pili mwenzake wa Buyenzi naye alikuwa ameulizwa kama watoto wanasoma. Aliinamia mashine yake na kusema chini chini, lakini mimi nilisikia: "Huyu baba ana adabu sana. Atatumaliza."

Ndipo Yaya akafanya lile alilolifanya. Akamkonyeza mwenzake, akavuta pumzi, na kuanza kwa sauti yake ya kwaya, kwa ule ule mwendo wa wimbo wa kazi, lakini kwa maneno mengine kabisa:

Karibu mugeni wetu, karibu, karibu,
umetoka mbali kutuona, karibu, karibu.

Wa Buyenzi akadaka mara moja. Mashine zikaenda pamoja, sauti mbili zikapanda na kushuka, na Mama akashusha mabega kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Injinia alifurahi waziwazi. Alisogea, akapiga makofi taratibu kwa kufuata mwendo, na kadiri alivyofurahi ndivyo walivyomkaribisha.

Nilipachika vyuma. Umeme ulikuwepo, kitu ambacho hakikuwa na uhakika. Injinia akaunganisha taa yake kwenye transfoma ya Yaya na kubonyeza swichi, na taa ikatoa mwanga mweupe hata ukuta wa sebule ukaonekana kama umepakwa chokaa upya. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mama hakupiga. Alikuwa akiitazama ile taa kama unavyomtazama mtoto anayekimbia kuelekea barabarani.

Ikasikika tiki ndogo, taa ikafa.

"Mama," injinia alisema kwa upole uleule, "hii imezidi."

Ya pili hakuiwekea taa. Aliipima kwa mita. Nayo ilikuwa imezidi. Alizipanga mezani ubavu kwa ubavu, akazitazama. "Zimekosea sawasawa," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu. Kisha akaitazama saa. Gari lake la kurudi lingeondoka baada ya swala ya alasiri, na kabla ya hapo alikuwa na fundi mwingine wa kumwona mjini. Hakulisema kwa vitisho. Alikuwa tu anapanga siku yake. Lakini Mama aligeuka akatazama mlango wa depo, na mimi nilijua anachokiona nyuma yake: mbao tupu.

Yale maneno ya injinia hayakunitoka. Zimekosea sawasawa. Wanawake wawili, mikono miwili tofauti, mashine mbili. Wangepotea hesabu, kila mmoja angepotea kivyake. Nilimfuata Yaya jikoni, alikokuwa amesimama akijifuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Yaya, niimbie tena ule wa karibu. Polepole."

Aliimba chini ya pumzi, akigonga vidole kwenye ukuta. Kisha akauimba ule wa sukari, akigonga vilevile. Katikati ya mstari wa pili akasimama na kufunika mdomo.

"Uliweka karibu ngapi mwisho wa mstari?" nikamwuliza.

"Mbili," alisema. "Moja ya mugeni. Ingine ya heshima."

Kila mstari ulikuwa umebeba mapigo ya ziada ya heshima, na heshima yote ilikuwa imezungushwa kwenye shaba.

Tulimwita Mama pale pale jikoni, wa Buyenzi akaja nyuma yake. Nikaeleza kwa sentensi mbili. Mama aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Basi tuimbe ya kwetu," Yaya alisema. "Itatoka sawa. Mama, we unajua itatoka sawa."

"Mbele ya mugeni? Apana. Nimuvue baba yangu nguo mbele ya mutu wa Kigoma? Aende kwao aseme kiwanda hiki, wafanyakazi wanamuimba patroni na sukari yake?"

"Hasemi."

"Yaya, mutu akibeba hadithi anaisema."

Sebuleni tulisikia injinia akikunja waya za mita yake. Mlio wa zipu ya mkoba ulisikika wazi. Mama alisikia kama sisi.

Wa Buyenzi ndiye aliyesema, huku akiwa na hakika kuwa anatania: "Baba yako alikataza mbele ya mugeni. Basi huyu asikuwe mugeni."

Mama aliinuka kwenye ndoo. Akavuta koti la kazi lililoning'inia nyuma ya mlango, lenye madoa ya vanishi kifuani, akaingia nalo sebuleni, nasi nyuma yake.

"Bwana injinia. Yule mugeni tumeshamuaga, ameenda. Sasa we ni mufanyakazi wa hapa. Vaa. Utashika waya."

Injinia alitazama koti, akamtazama Mama, akaona kwamba hachezi. Akaweka mkoba chini. Mikono ya koti ilimfika viwikoni.

"Na mshahara?"

"Chai," Mama alisema.

"Yenye sukari?"

Wanawake wawili walipasuka kicheko hata wa Buyenzi akashika mashine asianguke. Injinia alisimama katikati, mguu mmoja wa suruali bado juu, akiwa hajui amesema nini. Mama peke yake hakucheka, lakini alilazimika kutazama dari.

Nikazivua zile mbili vyuma vyake, wanawake wakafumua waya mnene. Injinia akaketi kwenye stuli kati ya mashine mbili, akashika waya wa Yaya kwa vidole viwili kama alivyoelekezwa, usikazwe, usilegezwe. Yaya akaweka mkono kwenye mashine. Akamtazama Mama mara moja tu. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Muzee ameficha sukari, wakaanza, na injinia akageuza uso haraka kumtafuta Mama, sasa akielewa. Ufunguo iko mu mufuko. Mama alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Alilivumilia la baba yake hadi mwisho. Hapo nilidhani gumu limepita, kisha nikakumbuka kwamba transfoma ile ni ya ubeti mmoja na robo tatu, na ubeti unaofuata ni upi.

Mama alikuwa hajawahi kuusikia. Alikuwa na desturi ya kuingia depo baada ya chakula cha mchana na kukaa huko kitambo, akisema anakagua waya. Ubeti wa pili ulitungwa kwa ajili hiyo, ukachukua nafasi ya mwingine wa zamani, na daima uliimbwa akiwa ndani ya depo, mlango umefungwa.

Mama ameingia mu depo,
anasema anahesabu waya,

Mdomo wa Mama ulifunguka. Hatua moja mbele, mkono ukainuka kuwasimamisha, na ukabaki hewani. Kuwasimamisha katikati ya ubeti ni kufumua, na waya mnene uliobaki hautoshi kwa kufumua na kukata kila mara. Wanawake walilijua hilo. Sijui kama walitabasamu kwa woga au kwa raha, lakini hakuna aliyepoteza pigo.

Waya yenyewe imenyamaza,
ni nani anakoroma?

Neno la kuishia lilikuwa humo, "imenyamaza," na mikono ilisimama hapo kama ilivyopaswa. Midomo haikusimama. Waliumalizia mstari wa mwisho bure, kwa furaha yao wenyewe. Injinia alikuwa ameng'ata mdomo wa chini, machozi yakimtoka, mabega yakitetemeka, na vidole vyake viwili vikiushika waya bila kuukaza wala kuulegeza. Mama alinigeukia mimi. Nani mwingine angejua mambo ya depo kwa undani ule? Nikaanza kupachika vyuma kwa bidii kubwa.

Injinia alikuwa na taa nyingine kwenye mkoba. Safari hii hakuna aliyekaribia kupiga makofi. Akabonyeza swichi, na taa ikawaka rangi ya njano ya kawaida, ya taa ya mtu asiye na haraka. Tuliisubiri ife. Haikufa. Akaipima kwa mita, akageuza mita ili Mama asome mwenyewe. Mama alisoma, akatoa mita yake, akapima upya, kwa sababu yeye ndivyo alivyo. Ya pili nayo ilitoka hivyo hivyo.

Hapo ndipo adabu ya injinia ilipoisha na kazi yake ikaanza. Aliuliza maswali ambayo mimi mwenyewe ningeuliza. Je, mmoja akiumwa? Je, akiimba polepole siku ya baridi? Yaya alimjibu kwamba upole haudhuru kitu, pigo ni pigo. Injinia akataka aone. Akamgeuza wa Buyenzi akabiliane na ukuta, akamwambia aisuke upya moja peke yake, kwa mwendo wowote autakao, na Yaya atoke nje. Wa Buyenzi aliimba kivivu, kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani. Mita ikasoma sawa.

Tulikunywa chai, taa ikiwaka juu ya meza muda wote. Sukari iliwekwa katikati, kopo zima, kifuniko wazi. Injinia alimwambia Mama kwamba akifika Kigoma ataagiza waya upakiwe, na kwamba yeye atampitia yule fundi wa mjini siku nyingine. Mama aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. Alisema alhamdulillah, kisha akaomba samahani kidogo, akaenda kusimama jikoni peke yake, tukamwacha.

Aliporudi alikuwa Mama wa biashara.

"Jambo moja. Ile nyimbo, maneno tutabadilisha. Hesabu itakuwa ile ile, maneno mengine. Mazuri."

Injinia alikuwa akivua koti. "Hapana, Mama. Leo mmebadilisha maneno mara moja, nami nimepoteza taa. Sampuli niliyoikubali imesukwa kwa maneno yale. Kwetu sampuli ikishakubaliwa haiguswi."

"Ya baba yangu sawa. Lakini ile ya depo?"

"Ya depo ndiyo iliyoimaliza."

Wa Buyenzi aliuweka uso wake kwenye ushungi na hakuutoa kwa muda mrefu.

Waya ulikuja kwa lori kabla ya mvua kubwa, mabunda ya waya wa shaba yaliyofungwa kwa karatasi nene, na tukayabeba wenyewe kutoka barabarani, Mama mbele. Rafu zilijaa, kisha sakafu ikajaa, hadi mlango wa depo ukawa unafunguka nusu. Yule kaka mwenye futi alipita, akachungulia, akasema mashallah, akakodi stoo ya saruji kwingine.

Sasa depo haina hata pa kuweka mkeka. Baada ya chakula cha mchana Mama huegemea meza ya kupimia, shavu juu ya mkono, mbele ya macho ya kila mtu. Na hatua chache kutoka pale, mashine zikizunguka, wanawake wawili humwimba kwamba yumo depo anahesabu waya. Nimewauliza kama haiwasumbui kuimba jambo ambalo si kweli tena. Yaya alisema inawasumbua sana, lakini wafanye nini, ni agizo la Kigoma.